Sindano Kabla ya Titi

Maumivu ya mtoto mchanga anapochomwa sindano hupunguzwa bila dawa kwa titi la mama, kwa ngozi yake, na kwa ladha tamu ulimini. Machakos, Kenya, haikosi hata kimoja. Kinachoharibu kazi ni hatua moja anayoijua kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki: jina linaitwa, mama anaambiwa amkabidhi mtoto, na mtoto analazwa mezani.

Hatua hiyo haina utetezi. Leso inafunguliwa, mgongo unagusa meza ya baridi, na mtoto anaangua kilio kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi yake. Kama kinachotakiwa ni damu ya kisiginoni ya kupima sukari au umanjano, mambo huwa mabaya zaidi: damu haitoki vizuri, kisigino kinakamuliwa, na kukamuliwa huko mara nyingi kunauma kuliko tundu lenyewe. Kazi ikiisha, mtoto anarudishwa na mama anaambiwa, “Haya, mnyonyeshe sasa.” Titi linaletwa maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Sababu zinazotolewa ni zilezile za miaka yote. Mama ataogopa. Atausukuma mkono wa muuguzi. Foleni ni ndefu. Hiyo ya foleni ndiyo dhaifu kuliko zote. Chupa ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, huwa na dozi nyingi, na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa sita, ndiyo maana watoto hukusanywa siku moja na mama hungoja. Muda huo wa kungoja ndio muda wa maandalizi. Mtoto awe amelishika titi sawasawa na kumeza kwake kunasikika kabla muuguzi hajafika. Achomwe akinyonya, aendelee kunyonya baadaye. Hata mkao si tatizo: akinyonya titi la kushoto huku amepakatwa kwa kawaida, mkono wake wa kushoto, unaochomwa BCG, hubaki juu. Paja la kushoto nalo hubaki wazi kwa vitamini K.



Ngozi kwa ngozi hufuata kanuni ileile. Mtoto akiwa na nepi tu hulazwa kifuani pa mama dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuchomwa, leso ikiwafunika wote wawili. Larry Gray na wenzake walilipima jambo hili Marekani mwaka 2000 kwa watoto wachanga 30 waliochomwa kisigino: kilio kilipungua kwa asilimia 82 na kukunja uso kwa asilimia 65, wakilinganishwa na waliolazwa kitandani. Kifua cha mama hakiagizwi kutoka bohari.

Pamoja na hayo, utafiti wa O'Brien Kyololo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 baada ya kukagua vitengo saba vya watoto wachanga nchini Kenya, ulikuta karibu taratibu zote zenye maumivu zikifanywa bila chochote cha kuyapunguza. Ile kauli kwamba mtoto mchanga hasikii uchungu, au atasahau, ilipaswa kuzikwa mwaka 1987, watafiti Anand na Hickey walipoeleza jinsi mwili wake unavyoupokea. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wakati wa chanjo mtoto ashikwe na mlezi wake na anyonyeshwe, bomba la sindano lisivutwe nyuma kutafuta damu, na chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Hakuna pendekezo hata moja hapo linalodai meza.

Watangulizi walikuwa na kidogo na wakafikiri zaidi. Madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, mjini Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, walipopungukiwa na mashine za joto walimrudisha mtoto kifuani pa mama. Machakos kwenyewe, miaka hiyohiyo, wachunguzi wa Mradi wa Machakos walifuatilia mimba na watoto wa Matungulu na Mbiuni kwa kuwafuata nyumbani. Mtaalamu ndiye aliyemwendea mama.

Maji ya sukari yanasifiwa kupita kiasi. Matone machache ya sukrosi ya asilimia 24, yakiwekwa kwenye ncha ya ulimi dakika mbili kabla ya kuchomwa, hupunguza kilio. Lakini Rebeccah Slater na wenzake, mwaka 2010, hawakuona tofauti katika ishara za ubongo. Matone hayo yana nafasi yake pale mama akiwa bado thieta baada ya upasuaji, na huwekwa na mhudumu wa afya. Asali isikaribie kinywa cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Mtoto njiti asiyeweza kunyonya hukunjwa mikono na miguu kuelekea kifuani na kushikwa hivyo kwa viganja vilivyopashwa joto, kimoja kichwani, kingine miguuni, tangu kabla ya kuchomwa hadi mapigo ya moyo yatulie. Viganja hivyo vinaweza kuwa vya mama, na muuguzi akabaki na mikono yote miwili kwa ajili ya sindano.