Nyasi za Kukamulia

Ukipita eneo la viwanda la Bujumbura siku wanayochemsha kimea, pua itakuonyesha Brarudi iko wapi kabla macho hayajaiona. Kiwanda hicho cha bia kilianzishwa mwaka 1955. Heineken ina zaidi ya nusu ya hisa, na serikali ya Burundi ina zilizobaki. Primus yake ya sentilita 72 imezoeleka harusini, msibani na mwisho wa mwezi. Lakini miaka ya karibuni fedha za kigeni zimekuwa haba nchini, chupa nazo zikaadimika, mpaka mnywaji akawa anaulizia bia kama anavyoulizia petroli. Urwarwa, pombe ya ndizi, haisubiri dola. Hakuna ndani yake kitu kilichovuka bahari.

Wengi wakiisifu urwarwa husifu ndizi. Mimi naona sifa ziende kwanza kwa vitu ambavyo havifiki kwenye kibuyu: nyasi, majani ya mgomba, vichaka vya kando ya njia. Mpikaji huvichuma porini, huvitumia kama mitambo yake ya siku hiyo, kisha huvitupa.

Ndizi zenyewe huteremka kutoka vilimani. Aliyesafiri barabara ya Bugarama amewaona vijana wa baiskeli wakishuka kona baada ya kona na mikungu imefungwa nyuma, na wakati wa kupanda wakining'inia kwenye malori. Ndizi za pombe hazifanani na za kupika. Ionje ikiwa mbichi, ukakasi utakukaza ulimi, na utashangaa nani aliwahi kufikiri kwamba humo mna kinywaji. Ukakasi huo ndio unaotafutwa, nitaurudia baadaye kidogo.

Shimo huchimbwa, hupashwa moto, hutandikwa majani ya mgomba, na ndizi hupangwa humo na kufunikwa kwa majani mengine na udongo. Zinazotangulia kuiva hutoa gesi ya etilini inayoziivisha nyingine, na kwa kuwa shimo limezibwa, gesi haipotei. Huchukua siku kadhaa, zaidi wakati wa baridi ya mlimani, pungufu kwenye joto la ziwani. Fundi hafukui kila saa kuchungulia, maana kila akifukua anapoteza joto na gesi. Hunusa. Harufu inayopenya kwenye ufa wa udongo ikigeuka kutoka ya majani kuwa ya asali, anajua. Akiwahi, juisi haitatoka; akichelewa, zitakuwa zimelainika kupita kiasi.

Halafu ndizi humenywa na kutiwa ndani ya umuvure, hori lililochongwa kwenye gogo moja, na juu yake huwekwa mafungu ya nyasi. Asiyeijua kazi hudhani nyasi ni chujio tu. Basi na aponde ndizi mbivu peke yake, hata kwa mashine ya jikoni: atapata rojo zito lisilotoa hata kikombe, kwa sababu pektini imeyafunga maji yote. Nyasi huingia katikati ya nyama ya ndizi, zikaikwaruza na kuipasua bila kuisaga. Mikono inapoendelea kukanda, ule ukakasi hushikana na protini na kuganda, makapi yakabaki yamenasa kwenye nyasi, na kiowevu chepesi kikaanza kuchuruzika chini. Kwa Kirundi ni umutobe. Ndizi tamu za mezani hazina ukakasi wa kutosha, ndiyo maana ukizikanda hivyo hivyo hazitoi kitu hata jua likizama.

Ndipo uchaguzi wa nyasi unapokuwa na maana. Waganda hupenda lusenke, nyasi ndefu yenye makali ambayo mkulima huilaani shambani na mpikaji pombe huitafuta. Nyasi laini hukatikakatika na kuichafua juisi. Zenye harufu kali huacha harufu yao ndani. Wahaya wa Bukoba, katika kutengeneza rubisi yao, walikanyaga kwa miguu, kazi ya wanaume wenye magoti mazima. Burundi mikono hutosha. Mpikaji hutambua kwa vidole dakika ambayo rojo limeanza kuachia, na hapo huongeza nyasi badala ya kuongeza nguvu. Maji hayaongezwi mapema, yatavuruga kila kitu. Juisi ya kwanza, isiyotiwa maji, hutoa isongo, pombe kali ya wageni wa heshima. Makapi hutiwa maji na kukandwa tena, na humo ndimo inamotoka urwarwa ya kila siku.

Viwanda vingi vya bia duniani huchuja kwa unga wa diatomiti, yaani magamba ya mwani mdogo sana uliokufa zamani za kale. Nalitaja hili kwa sababu mwenye kucheka nyasi anakunywa bia iliyopita kwenye magamba.

Baadaye huja mtama. Nafaka hukaangwa, husagwa na kutiwa ndani ya juisi, ili kuipa rangi na povu. Mtama una heshima yake Burundi: Umuganuro ilikuwa sherehe ya mwami, yaani mfalme, kuibariki mbegu yake kabla ya kupanda. Kuna pia impeke, pombe ya mtama mtupu, na hiyo ina hatari yake. Mtama ukichipua hutengeneza kemikali inayoweza kutoa sianidi, nyingi ikiwa kwenye vichipukizi na vijizizi. Wapikaji huanika kimea mpaka kikauke, kisha hukifikicha viganjani ili vichipukizi vidondoke. Maabara ilieleza sababu baadaye sana.

Lakini chachu inatoka wapi? Upande wa Rwanda, wapikaji wa ikigage, pombe yao ya mtama, huitengeneza wenyewe na kuiita umusemburo. Unga wa mtama hufunikwa pamoja na majani ya umubirizi, kichaka kichungu cha kando ya mashamba, mpaka uchachuke. Mwaka 2010 François Lyumugabe na wenzake walichapisha uchunguzi wa ikigage, na humo walikuta Saccharomyces cerevisiae, hamira ile ile ya mkate, ambayo ni mzazi mmoja wa hamira ya bia za aina ya Primus.

Umubirizi huo una wateja wengine. Kusini zaidi, kwenye milima ya Mahale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, lile lile la Bujumbura, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtanzania mjuzi wa mimea ya msitu ule, walimwona sokwe mgonjwa akimenya matawi ya kichaka hicho na kutafuna kiini chao kichungu. Waliandika habari hiyo mwaka 1989. Wachaga nao wana mti wao wa pombe: magome ya msesewe huipa mbege, pombe yao, uchungu ambao kiwandani huletwa na hopi.

Baada ya siku moja mpaka tatu, povu likitulia, urwarwa iko tayari, na hapo saa inaanza kuhesabu kinyume. Chachu haijauawa, bakteria wamo, na siku chache baadaye kilichokuwa pombe kinakuwa siki. Kiwanda hutatua jambo hilo kwa kuipasha bia moto na kuiziba. Mama wa nyumbani hana mashine hiyo, kwa hiyo hutatua upande wa pili: kabla ya kuchimba shimo huwa ameshajua ni mirija mingapi ya kunywea itaingia kwenye chungu, nani ana harusi, nani anadai, na nani hauziwi kwa mkopo.