Panya Aliyebadilisha Hesabu

Daktari na mtafiti Markus Frank wa Boston alifika kwenye seli shina za saratani kwa njia ya kando. Mwaka 2003 yeye na wenzake walieleza protini ya ABCB5, iliyo kwenye utando wa baadhi ya seli za ngozi. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba ndani ya melanoma, aina ya saratani ya ngozi, protini hiyo husukuma nje dawa ya doksorubisini. Swali likajileta lenyewe: je, seli zinazofukuza dawa ndizo seli shina, zile zinazootesha uvimbe upya?

Januari 2008 majibu yakatoka katika jarida la Nature. Uvimbe wa wagonjwa ulivunjwavunjwa hadi seli mojamoja, kingamwili inayoshika ABCB5 ikatumika kuzitenga, kisha kila fungu likadungwa panya wenye upungufu wa kinga. Kati ya panya 23 waliopewa seli zenye ABCB5, 14 waliota uvimbe. Kati ya 23 waliopewa seli zisizo nayo, aliota mmoja tu.

Desemba mwaka huohuo, Elsa Quintana na Sean Morrison wa Chuo Kikuu cha Michigan waliigusa mbinu yenyewe. Walichagua panya dhaifu zaidi, asiye hata na seli za kinga ziitwazo NK, wakachanganya seli za saratani na uteute wa protini wa kuzishikiza, wakasubiri kwa miezi badala ya wiki chache. Seli zikadungwa mojamoja, na kwa wastani asilimia 27 zikaota. Mwaka 2010 wakapima alama 22 za kutambulisha seli, ABCB5 ikiwemo. Hakuna hata moja iliyotenga seli hatari na zisizo hatari.

Kwa maoni yangu, hesabu ya kwanza ilipima pia uwezo wa seli kuponyoka kinga ya panya. Lakini mgonjwa naye ana kinga (jambo linalosahaulika haraka katika ubishi huu), hivyo panya asiye na kinga kabisa si lazima awe karibu zaidi na mgonjwa.

Frank hakuiacha ABCB5. Mwaka 2014 yeye, Bruce Ksander na Natasha Frank walionyesha kuwa protini hiyohiyo inatambulisha seli shina za ukingo wa konea ya jicho. Zilipotolewa kwa binadamu waliofariki na kupandikizwa kwa panya, ziliotesha konea angavu.