Askari wa Sanamu na Askari wa Barazani

Mtu atokaye bandarini Dar es Salaam na kupanda mjini hukutana na Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora. Sanamu hiyo ya shaba imesimama mahali pale tangu mwaka 1927. Mikono yake imeshika bunduki yenye singe, na uso wake umeelekea bandarini. Wapiga picha humpenda, na watoto wa shule hupelekwa kumtazama. Lakini askari huyo ana kasoro moja kubwa: hasemi.

Mtu huyo akiendelea na safari yake, akaipita bustani ya Mnazi Mmoja na kuvuka Mtaa wa Lumumba, atafika Kariakoo. Huko, jua linapopungua makali, hukusanyika wazee na vijana kuzunguka dele la kahawa chungu. Mmoja wao, amevaa shati la kawaida na kandambili, aliwahi kuwa askari. Huyu anasema. Huenda alikuwa askari wa miguu. Huenda alikuwa fundi wa ndege au rubani katika kambi ya Ukonga, ile ambayo watu wa mjini huiita Airwing. Insha hii inamhusu yeye. Tunataka kuyatazama mazungumzo yake kama tutazamavyo shairi au ngano: yana fani gani, yana maudhui gani, ni yapi mazuri na ni yapi mabaya, na kwa nini hukumu hiyo ni jambo zito kwa taifa.

Huenda mwalimu wa fasihi akashangaa. Atasema kuwa maongezi ya kahawani si fasihi, ni porojo. Lakini mnamo Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Roho haikai katika ngoma na vinyago peke yake. Hukaa pia katika namna watu wanavyosimuliana mambo yaliyowapata. Na katika nchi yetu wako wanaume na wanawake wengi ambao jambo kubwa lililowapata maishani ni jeshi.

Fasihi yetu andishi haikuisahau vita. Hemedi Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert alituachia Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya vita vya Kagera, Henry Muhanika alichapisha utenzi wake juu ya vita hivyo na anguko la Idi Amin mwaka 1981. Hazina hii tunaiheshimu, na sisi tutungao mashairi tumejifunza humo. Lakini utenzi una desturi zake. Unataka chanzo, mapigano na mwisho. Unataka shujaa na adui. Hauna nafasi kubwa kwa fundi aliyekesha akitafuta spana iliyopotea, wala kwa rubani aliyetapika safari yake ya kwanza angani. Nafasi ya watu hao ni barazani.

Tangu ujana wetu tumeyasikiliza mazungumzo haya, na tumeona kuwa yana mada tatu zisizokwisha: maisha ya jeshini, silaha, na habari za siku.

Katika mada ya kwanza, uzuri hutokana na lugha. Jeshi limeipatia lugha yetu maneno mengi, na askari huyatumia kwa mzaha wa mtu aliyeyazoea: afande, kuruta, kombania, gwaride. Wanaanga wana yao. Neno rubani lenyewe ni la baharini. Aliyeitwa hivyo zamani alikuwa mwongoza chombo, mjuzi wa miamba na mikondo. Leo limepanda mawinguni, na wazee wa Pwani walioketi barazani hawaachi kumtania rubani wa ndege kuwa ameibiwa bahari akapewa upepo mtupu.

Historia ya usafiri wa anga jeshini nayo ni chemchemi ya visa. Wajerumani wa Magharibi walianza kuwafundisha vijana wetu mwaka 1964, kisha wakaondoka mapema mwaka 1965 kwa sababu ya mgogoro wa kidiplomasia juu ya Ujerumani Mashariki. Wakaja Wakanada, pamoja na ndege za uchukuzi aina ya Otter na Caribou, wakakaa hadi mwaka 1970. Baadaye wakaja Wachina na ndege za kivita, nacho kituo cha Ngerengere kikajengwa. Kitabu cha historia kitaeleza mambo hayo kwa sentensi tatu, kama tulivyofanya hapa. Fundi mmoja mstaafu tuliyemsikiliza Kariakoo aliyaeleza kwa saa nzima. Kwa maneno yake, kila mwalimu alikuja na ndege yake, lugha yake na namna yake ya kukemea. Ikambidi kuruta ajue kukosea kwa lugha tatu kabla hajajua kupatia kwa moja. Watu walicheka. Lakini katika kicheko hicho mlikuwa na somo zima la siasa ya kutofungamana na upande wowote, limeelezwa na mtu aliyelishika kwa mikono yenye grisi.

Mada ya pili ni silaha, na hapa ndipo msikilizaji anapoweza kupambanua msimulizi wa kweli na wa uongo. Kijana asiyewahi kubeba bunduki huiulizia kwa macho yanayong'aa: inapiga mbali gani, inatoa risasi ngapi? Askari wa kweli humjibu kwa kumwambia uzito wake. Husema jinsi mkanda ulivyomkata bega, jinsi alivyoisafisha huku tumbo likiwa tupu, jinsi alivyoogopa kuipoteza kuliko alivyomwogopa adui. Kiswahili chenyewe kinatuonya. Mzinga ni nyumba ya nyuki, na mzinga ni silaha. Vyote viwili havichezewi na asiyejua.

Mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali kulielewa onyo hilo. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao. Katika siku zilizofuata, maongezi ya silaha barazani yalibadilika sauti. Waliokuwa wakiulizia umbali wa risasi walinyamaza, na wastaafu waliokuwa wakiwajibu kwa uzito wakaonekana kuwa walisema kweli tangu zamani.

Mada ya tatu ni habari za siku. Redio huzungumza, gazeti hupitishwa mkono kwa mkono, kisha macho yote humgeukia askari aseme. Yeye huipima habari mpya kwa habari ya zamani, na mara nyingi ya zamani ni vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Tutachukua visa viwili vya vita hivyo ambavyo tumevisikia mara nyingi, tuvihakiki kama mtu ahakikivyo mashairi mawili.

Kisa cha kwanza ni cha Mwanza. Mwezi Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kuupiga mji huo. Mabomu yake yakakosa shabaha na kuangukia kisiwa cha Saa Nane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Msimulizi dhaifu hukigeuza kisa hiki kuwa majigambo: adui mjinga, silaha ya fedha nyingi, sisi hodari. Wasikilizaji hupiga makofi na kusahau. Msimulizi bora huacha watu wacheke kwanza. Halafu, akiwa bado ameshika kikombe, huuliza polepole: je, kama rubani yule angeichelewesha au kuiwahisha ile amri kwa nukta chache tu, hayo mabomu yangeangukia nani? Kicheko hufa. Swala waliokuwa kichekesho hugeuka kuwa watu wa Mwanza walionusurika.

Kisa cha pili hakina kicheko. Mwishoni mwa mwaka 1978 ndege zetu wenyewe zilipokuwa zikirudi, zilitunguliwa na mizinga yetu katika anga ya Musoma, kwa kudhaniwa kuwa za adui. Kisa hiki tumekisikia kikisimuliwa kwa sauti ya chini tu. Mwanaanga hakisimulii kwa kumlaumu mpiga mizinga. Husema kuwa yule wa chini alikuwa na hofu ileile aliyokuwa nayo yule wa juu, na kwamba kila mmoja alikuwa akitimiza wajibu wake. Kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kituo cha shairi lake. Sisi watungaji hatujathubutu kulitunga. Tumetunga mashairi mengi ya kusifu mashujaa kwa ajili ya sherehe, yenye vina vilivyokamilika, na hatukumwekea nafasi shujaa aliyeuawa na ndugu yake kwa bahati mbaya. Lawama hiyo tunaikubali.

Basi kipimo chetu ni hiki. Mazungumzo mazuri ya askari huifanya silaha iwe nzito na msemaji awe mdogo. Mabaya huifanya silaha iwe nyepesi na msemaji awe mkubwa. Kipimo hiki hakitokani na vitabu. Ndicho wanachokitumia wasikilizaji wa barazani wenyewe, wanapomwachia mmoja amalize kisa chake na kumkatiza mwingine kwa kuagiza kahawa.

Hatusemi kuwa mazungumzo haya hayana ila. Uvumi hupenya upesi, hasa habari za siku zinapokuwa chache na hamu ya kuzijua ikawa kubwa. Wako wanaojipa vyeo walivyokuwa hawana na vita walivyokuwa hawakuvipigana. Tena ziko siri za ulinzi ambazo mwenye kiapo hana ruhusa ya kuzitoa, na askari mwema hujua mahali pa kukata maneno. Hata kukata huko ni sanaa. Msikilizaji hujifunza kuwa si kila ajuaye husema.

Lakini iko hatari kubwa kuliko porojo, nayo ni kutosikiliza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Wakaingia mjini na bunduki, maduka yakaporwa, watu wakafa. Serikali ililazimika kuomba majeshi ya Uingereza kuuzima uasi, jambo lililokuwa chungu kwa nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Hatuwezi kuutetea uasi ule. Hata hivyo, malalamiko kama yale hayazaliwi usiku mmoja. Huanza kama maneno ya watu wanaonong'ona wakisugua viatu. Jeshi la Wananchi, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lilijengwa juu ya funzo kwamba askari ni mwananchi kwanza. Na mwananchi ni mtu mwenye sauti.

Tumalizie kwa jina la mahali tulipoketi. Kariakoo ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita ile katika Afrika Mashariki walikuwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Bila shaka nao walizungumza jioni. Walikuwa na mizaha yao, na maoni yao juu ya bunduki wasizopewa, na habari walizozisubiri kutoka kwao. Ni machache mno kati ya hayo yaliyoandikwa. Kilichobaki ni jina la soko, na wengi wanaonunua vitunguu humo hawajui kuwa wanalitaja jeshi.

Hili ndilo tunaloliogopea kizazi cha Kagera. Waliokuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1979 sasa ni wazee, na kila mwaka benchi za kahawa hupungukiwa. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa shule za sekondari wawatume wanafunzi wao kusikiliza, wakiwa na daftari na adabu. Wamwamkie mzee shikamoo, wamwagizie kahawa, wasimuulize siri, wala wasimkatize anaponyamaza. Waandike alivyosema, na waandike pia mahali aliponyamaza. Kisha darasani wahakiki: je, silaha katika kisa hiki ni nyepesi au nzito?

Askari wa shaba ataendelea kusimama katika Barabara ya Samora, mvua haimdhuru. Askari wa barazani hana shaba mwilini. Tumsikilize angali anazungumza.