Kamera Yenye Stara

Jua linazama, na wanaume wawili wanakabana katikati ya mto. Mmoja ni Kidane, mfugaji. Mwingine ni Amadou, mvuvi aliyemuua kwa mkuki ng'ombe wa Kidane baada ya mnyama huyo kuingia kwenye nyavu zake. Bastola inalia, na kwa muda hatujui ni nani aliyepigwa. Hapo Abderrahmane Sissako anafanya jambo linalonirudisha kwenye filamu yake *Timbuktu* ya mwaka 2014 kila ninapopata nafasi. Anaiweka kamera mbali, mbali kabisa, hata mto unaonekana wote kutoka ukingo huu hadi ule. Kidane anavuka kurudi alikotoka, anajikokota majini, anaanguka, anainuka. Kule nyuma Amadou naye anainuka, anajaribu hatua chache, kisha anaanguka. Ni vijitu viwili tu ndani ya maji yanayong'aa. Hatuonyeshwi jeraha wala jicho la anayekufa, na picha haikatwi mpaka mmoja amefika nchi kavu na mwingine ametulia.

Sisi wapenzi wa filamu tukikutana hatuishi kubishana juu ya mitindo ya waongozaji. Huyu anasifiwa kwa rangi, yule kwa kasi, mwingine kwa kamera isiyotulia. Mimi huangalia kwanza mahali mwongozaji anaposimama mtu anapoumia. Taa hukodishwa, na mpiga picha hodari hupatikana, lakini umbali ule kati ya kamera na mwenye maumivu hauna wa kumsaidia mwongozaji kuupima. Hapo hutoka alivyo, malezi yake na heshima yake kwa watu. Ninaowapenda kuliko wote ni wale wenye stara: wanautazama uchungu bila kukwepa, na bado hawamvui nguo mwenye uchungu.

Satyajit Ray alikuwa na stara hiyo tangu filamu yake ya kwanza, *Pather Panchali* ya 1955. Durga, binti wa familia maskini kijijini Bengal, amekufa kwa homa baada ya kucheza kwenye mvua. Baba yake, Harihar, yuko safarini kutafuta riziki na hana habari. Siku anayorudi anakuta nyumba imeharibiwa na dhoruba, lakini furaha ya kufika inamzidi. Anawaita watoto, anafungua mzigo, anamwonyesha mkewe zawadi moja baada ya nyingine, hadi anapoitoa sari aliyomnunulia Durga. Sarbojaya, mama mtu, anaipokea, anauziba nayo mdomo, kisha anaporomoka. Kinywa chake kimefunguka na mwili mzima unatikisika kwa kilio. Sauti yake hatuisikii. Badala yake inapaa sauti ya tar shehnai, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde na yenye mlio mkali unaokaribia ule wa zumari. Ala ndiyo inayolia, na mama amebaki na kilio chake.

Nimelifikiria sana tendo hilo la kuondoa sauti. Mwigizaji Karuna Banerjee alikuwa na uwezo wa kututoa machozi sote kwa koo lake, na mwongozaji mwenye uchu wa machozi yetu angeliacha koo hilo lifanye kazi mpaka mwisho. Lakini kilio cha mwigizaji tunakisikiliza kama watazamaji: tunapima kama ni cha kweli, tunasifu, tunalinganisha. Kilio kilichoondolewa hakipimiki. Kila mmoja anajaza pale penye pengo sauti anayoijua yeye, ya mtu wake, ya siku yake. Muziki ule ulitungwa na Ravi Shankar, na sijui mfano bora zaidi wa muziki wa filamu kufanya kazi ambayo picha peke yake isingeiweza.

Ray hakuwa na mali ya kumpa jeuri. Alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara huko Calcutta, na mpiga picha wake, Subrata Mitra, kijana wa miaka 21, hakuwahi kuendesha kamera ya filamu. Fedha zilikwisha mara kwa mara, vito vya mke wa Ray vikawekwa rehani, na mwishowe serikali ya jimbo la West Bengal ndiyo iliyoikwamua kazi. Ile sini mashuhuri ya Durga na mdogo wake Apu wakikimbia katika shamba la maua meupe ya kash ili walione treni haikumalizika kwa wakati mmoja. Timu iliporudi baada ya siku chache ilikuta ng'ombe wameyala maua yote, ikabidi wangoje msimu mwingine yachanue tena. Wangeweza kubuni njia ya mkato. Walingoja, na ndiyo maana baadaye, Durga akiwa kitandani na homa akimwambia Apu kwamba akipona watakwenda tena kulitazama treni, mtazamaji ana shamba zima jeupe kichwani mwake.

Na kuna mkufu. Mapema katika filamu jirani alimshutumu Durga kwamba ameiba mkufu wa shanga, naye akakana. Familia inapofungasha kuhama kijiji, Apu anaupata mkufu ule umefichwa rafuni. Hasemi na mtu. Anakimbia nao hadi bwawani, anautupa, magugu ya majini yanafunguka pale ulipodondoka kisha yanajifunga taratibu. Mtoto amemsitiri dada yake. Ray anatuonyesha bwawa, Apu anaondoka, na hakuna neno la maelezo wala uso wa mtoto uliojaa machozi. Ninaamini hiyo ndiyo sini kuu ya filamu, kuliko hata treni.

Yasujiro Ozu wa Japani alifika mahali pale pale kwa kukaa tu. Katika *Tokyo Story* ya 1953, wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao, na watoto hawana muda. Anayewapa muda ni Noriko, mjane wa mwana wao aliyekufa vitani. Wanarudi nyumbani, mama anaugua, anafariki. Asubuhi ile baba haonekani ndani. Noriko anakwenda kumtafuta na kumkuta nje akitazama kunavyokucha. Mzee anasema kwamba alfajiri imekuwa nzuri, na kwamba leo kutakuwa na joto. Hayo tu. Kamera ya Ozu iko chini, kwenye kimo cha mtu aliyeketi sakafuni, na katika filamu nzima husogea mara chache mno. Inakaa kama jirani aliyekuja msibani akaketi mkekani: haulizi, hanyanyuki kuchungulia chumbani, na haondoki.

Wengi wetu tulizijua filamu kwanza vibandani, kwa sauti za watafsiri kama Lufufu wa kwetu Tanzania na DJ Afro wa Kenya, na siwezi kuidharau sanaa yao ya kulijaza kila pengo kwa maneno matamu. Waliwafanya wapiganaji wa Hong Kong kuwa watu wa mtaani kwetu. Ila mzee yule wa Onomichi hatafsiriki kwa namna hiyo. Ukimtia maneno umemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho asubuhi ile.

Mjadala huu una historia yenye ukali. Mwaka 1960 Mwitaliano Gillo Pontecorvo alitoa *Kapò*, filamu ya kambi za mateso za Wanazi. Mfungwa mmoja, aliyeigizwa na Emmanuelle Riva, anajitupa kwenye waya wa umeme. Kamera inasogea mbele kuelekea maiti iliyoning'inia, ikijipanga vizuri ili mkono wake ukae mahali pazuri kwenye fremu. Mwaka uliofuata Jacques Rivette, mkosoaji na baadaye mwongozaji, aliandika katika jarida la Ufaransa *Cahiers du cinéma* kwamba mtu aliyeamua kuisogeza kamera namna ile wakati ule anastahili dharau kubwa. Mita chache za mwendo wa kamera, na hukumu nzito kiasi hicho! Nakubaliana naye kuhusu picha ile: kuupamba mwili wa aliyejiua ni kumtumia mara ya pili. Lakini alimhukumu na mtu mwenyewe, na hapo namtetea Pontecorvo, kwa sababu miaka sita baada ya *Kapò* alituletea *The Battle of Algiers*. Mwanamke wa Algeria ameingia kwenye mkahawa wa Wafaransa na bomu ndani ya mkoba. Kabla hajaondoka, tunawatazama waliomo kwa macho yake, na miongoni mwao ni mtoto mdogo anayelamba aiskrimu. Pontecorvo yuko upande wa Algeria na hafichi. Hata hivyo hakumwondoa mtoto yule mezani ili tuyatazame matumizi ya bomu kwa raha. Muziki wa majonzi uliosikika juu ya maiti za Waalgeria kule mtaani kwao Casbah unasikika tena juu ya maiti za Wafaransa. Mtu aliyekosa heshima kwa maiti mmoja alijifunza kuwaheshimu wote.

Alfred Hitchcock alisogea karibu kuliko wote. Kifo cha bafuni katika *Psycho* ya 1960 kilichukua siku saba kupigwa picha, kwa vipande kadhaa wa kadhaa vinavyopita ndani ya sekunde 45 hivi, na damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Ufundi wake ni wa ajabu na moyo wangu hubaki baridi. Kwangu Hitchcock mkubwa ni wa *Frenzy*, ya 1972. Tumekwisha kumwona muuaji akiua mara moja, kwa undani unaokera. Mara ya pili anapanda ngazi na mwanamke mwingine, anamwingiza chumbani, mlango unafungwa. Kamera inageuka mgeni asiyekaribishwa: inarudi kinyumenyume, inashuka ngazi, inapita ukumbini, inatoka hadi barabarani, ambako kelele za soko la matunda la Covent Garden zinaendelea na wachukuzi wanapita na mizigo. Hakuna atakayesikia. Mwana huyu wa muuza mboga wa London alijua soko lina sauti kiasi gani, na ni kelele hiyo ya kawaida ndiyo inayotisha.

Ninayasema haya nikiwa na filamu za nyumbani akilini, maana nazipenda na nazitakia makubwa. Katika nyingi za Bongo Movie msiba hutangazwa kwa kinanda, kisha uso unajaa skrini, kisha machozi, kisha kinanda tena, dakika zikienda. Waigizaji wetu wanaweza zaidi ya hayo. Wanachohitaji ni mwongozaji wa kusema: rudi nyuma, zima muziki, mwache alie akiwa ametupa mgongo. Likarion Wainaina wa Kenya ameonyesha njia katika *Supa Modo* ya 2018. Mtoto Jo ana ugonjwa usiopona, na mama yake anamtoa hospitali kumrudisha kijijini. Kijiji kinaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mtoto anakufa polepole mbele yetu, na tunachoalikwa kukitazama ni michezo yake, ukaidi wake, na watu wazima wanaokubali kuwa watoto kwa ajili yake.

Stara ninayoisifu isije ikachukuliwa kuwa ni upole kwa kila mtu. Hata Sissako haachi kutupa sauti inapobidi: mwanamke aliyehukumiwa kwa kuimba, akiigizwa na Fatoumata Diawara, anachapwa hadharani na kilio chake kinageuka wimbo huko huko chini ya viboko, nasi tunausikia. Na Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa mpakuzi wa meli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi na kisha mwongozaji, aligawa stara yake kwa haki. Katika *La Noire de...* ya 1966, Diouana ametolewa Dakar kwenda Ufaransa akiamini atalea watoto, akageuzwa mtumishi asiyetoka nje ya nyumba. Anajiua bafuni. Sembène anatuonyesha haraka na kuondoka. Kisha tuko ufukweni, watu wanaota jua, na kifo chake ni habari ndogo ndani ya gazeti.

Bwana wa nyumba anasafiri hadi Dakar kurudisha sanduku la marehemu, mshahara wake, na kinyago ambacho Diouana aliwapa zawadi. Mama anazikataa fedha. Mzungu anaondoka, na mtoto wa kiume anakiokota kinyago, anakivaa usoni, anamfuata. Hapo Sembène, aliyempita Diouana haraka, hana haraka tena. Anamfuata mwanamume yule uchochoroni na madarajani, anamwonyesha akigeuka nyuma, akiongeza mwendo, akigeuka tena, na kinyago kiko pale pale. Hakimgusi wala hakisemi. Filamu nzima ni ya saa moja hivi, na mhariri yeyote angeweza kumfikisha mtu yule garini kwa picha mbili. Sembène alitaka atembee njia yote, tukimtazama.