Ufundi wa Kuambaa

Kuvuka ziwa kunahitaji mashine yenye nguvu. Kuliambaa kunahitaji mtu. Nasema hivi nikiwa na Ziwa Tanganyika machoni, lenye urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470, ambalo kwa kina linazidiwa na Baikal peke yake duniani. Watu wakizisikia tarakimu hizo hudhani ukubwa wa ziwa uko katikati, kwenye maji yasiyo na mwisho. Mimi nauona ukingoni, pale maji yanapokutana na mawe, mchanga, mashamba ya mihogo na watu. Na wanaolijua ziwa kuliko wengine wote, kwa maoni yangu, ni wale wanaoweza kupitisha boti ya mbao hapo ukingoni mchana kutwa bila kugusa jiwe.

Mume wangu nami tulisafiri namna hiyo, kutoka mwalo wa Kibirizi, hapo kaskazini ya mji wa Kigoma, hadi Kagunga kwenye mpaka wa Burundi. Maboti makubwa ya abiria hupita njia hiyohiyo yakiwa yamesheheni magunia, magodoro, kuku na kreti za soda. Sisi tulikodi boti ndogo ili twende tukisita, tushuke tunapopenda. Katika ndoa yetu tulikuwa tumezoea safari zenye sababu: msiba, harusi, mtoto kupelekwa shule. Hii haikuwa na sababu, na nusu ya siku ya kwanza mume wangu aliendelea kuitazama saa yake kama mtu anayesubiriwa mahali. Nyuma, kwenye usukani, alikaa nahodha, mzee tuliyemwamkia shikamoo, naye tangu hapo akatuita wanangu, ijapokuwa nasi vichwa vyetu vina mvi. Mbele alikaa kijana wake na kopo la kukumbia maji.

Abiria huona kuambaa kama njia ya kutazama mandhari. Kwa nahodha ni hesabu ya upepo. Upepo unaoshuka milimani kuelekea ziwani hauwezi kuinua wimbi papo hapo. Unahitaji nafasi ya kukimbia juu ya maji. Ndiyo maana asubuhi na mapema, upepo wa nchi kavu unapoteremka makorongoni, maji ya karibu na ukingo hubaki yametulia ilhali mbali huko nje mawimbi yanapasuka na kutoa povu. Boti ndogo iliyojibanza chini ya milima hupita salama wakati kubwa yake inahangaika. Jua likipanda, mambo hugeuka. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake ikapaa, na hewa ya ziwani ikaingia kushika nafasi yake. Sasa upepo unatoka nje, mawimbi yametoka mbali na yamenenepa njiani, na ukingo uliokuwa kimbilio asubuhi unakuwa hatari mchana: mashine ikizimika hapo, boti inasukumwa moja kwa moja maweni, na hakuna muda wa kuiwasha tena.

Nahodha wetu hakutoa somo lolote kati ya hayo. Niliona tu kwamba saa tatu asubuhi tulikuwa karibu kiasi cha kusikia wanawake wakiongea huku wakifua, na saa saba tulikuwa mbali kiasi kwamba wanawake kama wale walibaki rangi za khanga tu. Umbali uliongezeka kidogo kidogo, na sikumwona akigeuza usukani hata mara moja. Nilipomuuliza, alijibu, “Mwanangu, ziwa limeamka.” Akaongeza kwamba miezi ya kusi huwa tofauti, na kwamba mtu aliyejifunza njia hii wakati wa masika aanze kujifunza upya Juni ikifika. Ndipo nilipoanza kumtazama yeye badala ya milima. Mkono wake haukutulia. Ulikuwa ukisogea kwa upana wa kidole, ukirudi, ukingoja, na kila wimbi lilipokuja alilipokea kwa pembe, si kwa ubavu na si kwa pua, ili boti ipande na kushuka bila kupiga kishindo.

Hana dira. Alama zake ziko juu ya nchi: mwembe ulioinama, paa la mabati la msikiti, kovu jekundu la udongo ulioporomoka. Moja haitoshi. Huzisoma mbilimbili, iliyo karibu dhidi ya iliyo mbali. Mwembe ukisimama sawa na paa, anajua yuko kwenye njia, na ukianza kuliacha paa upande mmoja, anajua boti inasukumwa na kwa kasi gani. Manahodha wa bahari zote huitumia kanuni hii. Cha kipekee kwa huyu ni kwamba alama zinakufa na yeye anazizika. Alituonyesha ng'ambo ya korongo mahali palipokuwa na mti ambao baba yake aliutumia. Mti ulikatwa kwa mkaa, na ilibidi achague kitu kingine. Kati ya Kalalangabo na Mtanga vilima vingi vimebaki na nyasi, na mvua kubwa inaposhusha udongo wa vilima hivyo, midomo ya vijito nayo huhama na kuacha fungu la mchanga pasipokuwa nalo jana.

Boti yenyewe inastahili sifa zake. Iliundwa mchangani, na fundi asiye na karatasi ya mchoro. Anapima kwa kamba, kwa kiganja na kwa jicho. Huanza na mkuku, akasimamisha mataruma, kisha mbao zikafuata moja baada ya nyingine, kila ubao ukikunjwa hadi ukubali kulala. Nyufa za maungio huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikishindiliwa kwa tindo na nyundo mpaka mlio wa nyundo ubadilike. Ni kazi ya sikio. Boti mpya ikiingizwa majini huvuja, na fundi haogopi, kwa sababu mbao zikishaloa huvimba, zikabanana na kuibana pamba. Mzee alisema boti inayokaa nchi kavu mwezi mzima ni mgonjwa. Yake, kwa vile hufanya kazi kila wiki, ilikuwa inamwachia kijana maji ya kujaza kopo mara chache tu kwa saa. Hata hivyo tulivaa majaketi okozi tangu Kibirizi, na nahodha ndiye aliyeyadai kabla yetu. Sijawahi kumwamini nahodha anayechukulia jaketi kuwa tusi kwa ujuzi wake.

Chini ya boti, mahali penye miamba, maji yalikuwa maangavu, na samaki wadogo wenye mistari ya njano na buluu walikuwa wakila ukoga juu ya mawe. Ziwa hili lina spishi zaidi ya 200 za jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wengi wa hawa wa mawe hawathubutu kuvuka hata ghuba ya mchanga kwenda kwenye mawe ya pili, na kwa sababu hiyo rangi zao hutofautiana kutoka rasi hadi rasi. Huko vilindini, chini ya takriban mita 200, maji hayana oksijeni na samaki hawaishi. Kwa hiyo ziwa hili refu la kutisha limeweka uhai wake juu na kandoni, na anayeliambaa anapita juu ya sehemu iliyo hai kuliko zote. Mume wangu aliinama kutazama mpaka kofia ikamdondoka majini. Kijana aliiopoa kwa kasia, na kuanzia hapo sikumwona tena mume wangu akiangalia saa.

Pwani hii imepitwa na wageni wenye majina makubwa. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakapelekwa kwa mitumbwi hadi Uvira, wakitafuta kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Neno hilo halikutosha huko Ulaya. Mabishano yaliendelea hadi Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji kwa mtumbwi Novemba 1871, wakaambaa ukingo huuhuu wa mashariki kuelekea kaskazini na kuyaona maji ya Ruzizi yakimiminika ziwani. Vitabu vimewapa wawili hao safari hiyo. Lakini makasia yalishikwa na wengine, na ni wenyeji waliojua ghuba ipi inafaa kulala na rasi ipi isizungukwe jua likiwa la utosi. Ningependa siku moja kusoma kitabu kinachoisimulia safari ile kutoka kwenye benchi la mpiga kasia.

Gombe tuliitambua kabla ya kuonyeshwa, maana msitu unaanza ghafla. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, naye alikuja kwa boti, tarehe 14 Julai 1960, na hifadhi ya taifa ikatangazwa 1968. Hatukushuka kuwatafuta sokwe. Nyani walikuwa ufukweni wakipekua mchanga, na kwa nahodha msitu ule ulikuwa na faida nyingine: vijito vyake haviteremshi udongo mwingi, kwa hiyo ukingo wake haubadiliki, na hapo alikubali kuegemea na kunywa chai yake.

Mwamgongo, kijiji cha baada ya Gombe, dagaa walikuwa wameanikwa, fedha tupu juu ya changarawe. Wavuvi walikuwa wamerudi alfajiri na walikuwa wamelala, wengine ndani ya maboti yao, taa zikiwa bado zimefungwa. Huvua usiku wa giza, mwanga wa taa ukiwavuta dagaa juu. Mwezi mpevu ukifika taa hazina kazi, nyavu hushonwa, na vijana hucheza mpira. Tulikula migebuka na ugali wa muhogo kwa mama mmoja aliyekataa kutuharakisha hata tulipokuwa tumemaliza. Mume wangu alitandaza khanga yangu chini ya mwembe, akalala. Nilikaa kando yake nikihesabu maboti, kisha nikaacha kuhesabu. Nilikuwa sijamwona amelala mchana tangu tuoane.

Tulipofika Kagunga upepo wa jioni ulikuwa bado unatoka ziwani, na mawimbi yalikuwa yanajimwaga ufukweni. Kutia boti katika hali hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Unakaa nje, pua ikitazama nchi, unayaacha mawimbi makubwa yapite, maana huja kwa makundi. Kisha unapanda nyuma ya la mwisho na kwenda nalo kwa mwendo wake, bila kulipita wala kuachwa, na kabla ya mchanga unainua mashine ili pangaboi lisigonge chini. Ukiwahi, boti inageuka ubavu. Ukichelewa, wimbi la nyuma linakuingilia.

Mzee alimpisha kijana kwenye usukani, yeye akahamia mbele na kamba. Kijana alingoja kwa muda mrefu, akaenda, akainua mashine, na tukagusa mchanga. Maji yaliruka kidogo juu ya ubao wa nyuma, si zaidi ya kikombe. Watu wa ufukweni walikuwa wameshaishika boti na mimi nilikuwa nimesimama. Mzee aliyatazama yale maji miguuni mwa kijana, akawaomba wale watu waachie, akasema, “Rudi nje, uingie tena.” Mume wangu, aliyekuwa ameshavua viatu na kuvishika mkononi, akaketi, akanivuta niketi naye, na kijana akaturudisha nyuma hadi penye maji ya kutosha, akaanza kuyangoja mawimbi upya.