Mgongo wa Gennaro, Kivuli cha Gretta

Wanandoa wanaogombana si kazi kuwachora wala kuwaandika. Kelele zipo, machozi yapo. Kazi ipo kwa waliokwisha kuachana moyoni huku bado wanalala nyumba moja. Nachukua kazi mbili zinazowagusa watu hao: picha ya Edgar Degas, Familia ya Bellelli, iliyoko Musée d'Orsay mjini Paris, na "The Dead", hadithi inayofunga kitabu cha James Joyce cha mwaka 1914, Dubliners.

Degas aliianza picha hiyo mwaka 1858, alipofikia kwa shangazi yake Laura mjini Florence, ikamchukua miaka kadhaa kuimaliza. Mume wa Laura, Gennaro, alikuwa mkimbizi wa kisiasa kutoka Naples. Turubai ina kimo cha meta 2 na upana wa meta 2.5 hivi, basi ukisimama mbele yake ni kama umeingia chumbani mwao. Laura amesimama kushoto, mavazi meusi ya kumlilia baba yake, macho yakiwapita watu wote. Gennaro ameketi kulia, ametupa mgongo, na uso wake tunauona upande tu. Katikati Degas ameshusha mistari wima: fremu ya kioo, mshumaa, mguu wa meza. Ifuate kutoka juu hadi chini, utaona chumba kimekatwa vipande viwili. Binti mmoja, Giovanna, amesimama ubavuni mwa mama. Mwenzake, Giulia, yuko katikati, mguu mmoja kaukunja chini yake, kichwa kimeelekea kwa baba. Kwangu mimi picha yote inasimama juu ya mtoto huyu. Bila yeye tungedhani wakubwa wametengana kwa bahati ya viti. Yeye ndiye anayeonyesha kwamba humo ndani kuna pande mbili.

Joyce hana mstari wa kuchora, ana muda. Katika "The Dead", mume aitwaye Gabriel yuko gizani chini ya ngazi, anamwona mwanamke amesimama juu kivulini, uso hauonekani. Sentensi inayofuata ndiyo inayotuambia kuwa ni mkewe, Gretta, anasikiliza wimbo. Gabriel anawaza kwamba angekuwa mchoraji angemchora vivyo hivyo. Mume amekwisha kumfanya mkewe picha, na picha haiulizwi inawaza nini. Kuanzia hapo hadi hotelini wanakolala usiku huo, tumo kichwani mwa Gabriel. Tunaamini pamoja naye kwamba usiku huo ni wa hao wawili. Kumbe wimbo ule ndio aliokuwa akiuimba Michael Furey, kijana aliyempenda Gretta huko Galway, akafa akiwa na miaka 17. Gretta anapolitamka jina hilo, kila tulichosoma nyuma kinageuka maana.

Mbinu ni moja: kufunga upande mmoja. Degas kamnyima Gennaro uso, Joyce kamnyima Gretta mawazo. Lakini Degas amempendelea shangazi yake waziwazi, nasi tumebaki watazamaji. Joyce ametutia kosani: tumemsoma Gretta vibaya sawasawa na mumewe. Kwa hiyo nampa Joyce ushindi.

Nawe mwandishi unayeandika riwaya ya ndoa iliyopoa, punguza mabishano ya sebuleni. Ufunge moyo wa mmoja wao, usiufungue mpaka msomaji awe amekwisha kumhukumu.