Majalada ya Kitabu Kimoja

Mwalimu aingiapo darasani na kitabu kipya mkononi, wanafunzi hulisoma jalada kabla yeye hajatamka hata jina la mtungaji. Wakati anapoandika ubaoni, wao wamekwisha kuamua kama hadithi hiyo ni ya watoto au ya watu wazima, kama itachekesha au itaogofya. Ajabu ni kwamba sisi tunaojiita wahakiki hushughulika na maudhui na fani, wahusika na mandhari, na jalada tukaliruka kama mtu arukavyo kizingiti. Katika insha hii tumekusudia kusimama kidogo kizingitini. Tumechagua kitabu cha Kiingereza, *The Hobbit*, kwa kuwa habari za majalada yake zimehifadhiwa vizuri kuliko za vitabu vingi, na kwa kuwa mtungaji wake hakuwa mtu wa kunyamaza alipoona kazi yake imevikwa nguo isiyoifaa.

Mtungaji huyo, J.R.R. Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafariki mwaka 1973. Hadithi yake yamhusu Bilbo, kiumbe mfupi mpenda starehe na chakula, anayeishi katika shimo lililopambwa vizuri. Siku moja anachukuliwa na mchawi mmoja na vibete kumi na watatu kuuendea mlima wa mbali ambamo joka limelalia hazina. Nchi yenyewe haimo katika ramani yoyote ya dunia, kama vile Kusadikika ya Shaaban Robert isivyokuwamo. Hapo ndipo ugumu wa mchoraji unapoanzia. Anayechora jalada la riwaya ya Dar es Salaam aweza kwenda Kariakoo akatazama. Lakini huyu hana pa kwenda ila ndani ya maandishi.

Jalada la kwanza lilichorwa na mtungaji mwenyewe. Kitabu kilitolewa London na George Allen & Unwin mwezi Septemba 1937, nakala 1,500, nazo zilikwisha kabla ya mwaka kumalizika. Karatasi iliyokizunguka ina mandhari moja inayoenea mbele na nyuma: milima yenye theluji vileleni, msitu mweusi uliosimama kwa safu kama askari, na njia nyembamba inayopenya katikati. Mna jua na mwezi, mna tai, mna joka. Pembezoni pote imepita mistari ya herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, na ajuaye kuzisoma atakuta ni jina la kitabu, la mtungaji na la mchapishaji.

Msomaji wa pwani akiitazama karatasi hiyo hatakosa kuikumbuka kanga. Pana pindo lililozunguka, pana mji katikati, pana na jina lenye neno la kusomwa. Hatusemi kwamba Tolkien aliiga kanga. Hatuna sababu ya kudhani hivyo. Twasema kuwa fundi wa kanga na profesa huyu walijibu swali moja kwa njia moja: nguo inayozunguka kitu yahitaji mpaka, na mpaka huo waweza kusema. Jambo jingine tunalolisifu ni kwamba Bilbo hayumo kabisa. Njia ipo, msafiri hayupo. Mtoto anayekishika kitabu hajaambiwa shujaa ana sura gani, kwa hiyo njia ile yamngoja yeye.

Mchoro huo haukutoka kama ulivyokusudiwa. Tolkien alitaka jua na joka viwe vyekundu. Wachapishaji walipiga hesabu, wakaona rangi moja zaidi ni gharama zaidi, na nyekundu ikaondolewa. Zikabaki kijani, buluu na nyeusi juu ya weupe wa karatasi. Sisi tuliowahi kukaa katika vikao vya kupanga uchapaji tunaufahamu vizuri mjadala wa namna hiyo, na mara nyingi tumekuwa upande wa mwenye kutunza fedha. Safari hii twakiri kwamba umaskini ulisaidia. Jua jeupe, lisilo na joto, linaifanya nchi ile iwe ya mbali zaidi. Katika baadhi ya matoleo ya miaka ya karibuni nyekundu imerudishwa. Haki ya mtungaji imetimizwa, ila macho yetu yamezoea ule ubaridi wa zamani.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, mwaka 1965. Mchapishaji mmoja huko, Ace, alikuwa ametoa kitabu kikubwa cha Tolkien, *The Lord of the Rings*, bila ridhaa yake, kwa kutumia mwanya wa sheria. Ballantine, waliokuwa na idhini, wakaharakisha kutoa matoleo yao ya bei nafuu, na *The Hobbit* ikawa miongoni mwao. Jalada lilichorwa na Barbara Remington. Lina kilima, ndege wawili aina ya emu, yaani wale wa Australia wanaofanana na mbuni, mti wenye matunda ya waridi yaliyovimba, na simba. Katika hadithi nzima hakuna simba. Emu hawamo. Mti ule haumo.

Tolkien alimwandikia Rayner Unwin, mchapishaji wake wa London, mwezi Septemba mwaka huo, akiuliza picha hiyo yahusiana nini na hadithi, mahali hapo ni wapi, na simba na emu wamefuata nini. Alipozungumza kwa simu na mtu wa upande wa mchapishaji, aliambiwa kwamba mti ule ulikusudiwa kukumbusha mti wa Krismasi. Alipozidi kuhoji, akajibiwa kwa sauti ya juu kuwa mchoraji hakuwa na wakati wa kukisoma kitabu. Remington mwenyewe alieleza baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa. Simba akafutwa katika chapa zilizofuata, emu wakasalimika.

Twaijua hasira ya Tolkien. Diwani yetu ndogo ilipotoka zamani, tuliikuta imepambwa kwa jahazi lililotanga tanga mbili, ilhali hamkuwa na shairi hata moja la bahari. Tulipouliza, tuliambiwa kuwa ushairi wa Kiswahili na jahazi ni kitu kimoja. Tangu hapo kila atusifuye kwa mashairi yetu ya baharini twamshukuru, hatumsahihishi.

Hata hivyo uhakiki si kinyongo. Lawama ya simba haimwangukii Remington zaidi ya waliompa kazi bila kumpa kitabu. Tena mkono wake ulikuwa hodari: picha alizochorea vile vitabu vikubwa vitatu ziliungana zikawa mandhari moja, zikauzwa kama bango, na vijana wengi wa Marekani walizipenda. Na hata mchoro wa Tolkien si nakala ya ukurasa wowote. Tai wa milima ya mwanzo na joka la mlima wa mwisho hawakutani namna ile katika hadithi. Tofauti ni kwamba yeye alifupisha safari nzima katika mtazamo mmoja, na simba yule hakufupisha lolote. Mwanafunzi atakayemsubiri simba hadi ukurasa wa mwisho amedanganywa.

Pana kosa la aina nyingine lililozaa faida. Katika tafsiri ya Kiswidi ya mwaka 1962, Tove Jansson, msanii wa Finland, alimchora Gollum, yule kiumbe wa gizani, kuwa jitu linalomzidi Bilbo kwa mbali. Je, alikosea? Maandishi yalikuwa hayajasema kimo chake. Jansson alisoma, akakuta pengo, akalijaza kwa ukubwa. Toleo la mwaka 1966 lilikuwa na neno jipya linaloeleza kwamba Gollum ni mdogo. Hapo mchoraji alimhakiki mtungaji, na mtungaji akasahihisha kazi yake.

Majalada yenye picha za filamu za mwaka 2012 hadi 2014 hatuna mengi ya kuyasema. Yanatangaza sura ya mwigizaji, na njia ile iliyokuwa ikimngoja mtoto imekwisha kupata mwenyewe.

Lililotugusa zaidi ni toleo la Kirusi la Leningrad, mwaka 1976. Mchoraji Mikhail Belomlinsky alimpa Bilbo uso mnene wa mwigizaji Yevgeny Leonov, na manyoya yakamjaa miguuni kote. Katika Kiingereza manyoya hayo hayapandi juu ya kifundo. Lakini Kirusi kina neno moja kwa sehemu zote mbili, sawasawa na mguu wa Kiswahili. Mfasiri wetu akiandika "miguu yenye manyoya", mchoraji atafuata ya Leningrad. Akiandika "nyayo", manyoya yatachorwa chini, mahali ambapo Tolkien ameweka ngozi ngumu kama kiatu. Sisi tungeandika kwamba manyoya yaanzia kifundoni yakashuka juu ya mguu hadi vidoleni. Ni maneno mengi kwa kitabu cha watoto, na mswada tungempelekea mchoraji mapema, tukamwachia juma zima la kuusoma.